Shangazi Amechukuliwa na Treni

Shangazi yangu amepanda treni mara nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua, na hajawahi kuipanda kwa kukusudia hata siku moja. Nendeni mkamuulize mwenyewe, yuko hai, anakaa Isevya, hapa hapa Tabora mjini. Atawajibu huku amekaza shingo: "Mimi? Mimi nisafiri niende wapi? Nilichukuliwa."

Ili mnielewe, lazima kwanza mjue sisi watu wa Tabora tunavyosindikizana. Huko kwingine mtu akiondoka mnamwambia safari njema mlangoni, mnarudi ndani kuangalia tamthilia. Kwetu huo ni utovu wa adabu. Msafiri anasindikizwa hadi stesheni, na stesheni si mwisho, anasindikizwa hadi ndani ya behewa. Mnapanda wote. Mnamtafutia kiti, mnakikalia nyinyi kwanza kuona kama hakina msumari, mnasukuma dirisha kuona kama linafunguka, halifunguki, mnalisukuma tena. Mnawasalimia abiria wa jirani mpaka mnajua wametoka wapi na wanakwenda kwa nani, halafu mnawakabidhi mtu wenu: "Huyu ni mwanetu, mtuangalizie." Mtu mwenyewe ana ndevu na watoto wawili, lakini anakabidhiwa. Baada ya hapo ndipo maongezi yanaanza, kwa sababu mambo muhimu ya ukoo hayakumbukwi nyumbani. Yanakumbukwa behewani, honi ikishalia mara ya kwanza.

Nina hakika tabia hii ni ya zamani kuliko reli yenyewe. Mji wetu ulikuwa wa misafara, watu wakitoka pwani na wakienda ziwani, na haiwezekani kwamba walikuwa wakiondoka kimya kimya. Lazima kulikuwa na shangazi mmoja wa enzi hizo aliyetoka kidogo tu kumuaga mpagazi wake nje ya mji, akajikuta Ujiji na mwiko mkononi.

Sasa, shangazi yangu huyu ana mdogo wake, shangazi yangu pia, aliyeolewa Kaliua, pale reli ya Mpanda inapoiacha reli ya Kigoma. Walikuwa wakilala kitanda kimoja tangu utoto, wakivaa doti moja ya kanga, huyu kipande hiki na yule kile. Halafu ikaja harusi ya wazazi wangu, na pilau likaungua.

Mimi sikuwapo, nilikuwa sijazaliwa, lakini nimesikia habari za pilau lile kuliko habari za ndoa yenyewe. Shangazi wa Isevya anasema alikwenda kupokea wageni akamwachia mdogo wake moto. Shangazi wa Kaliua anasema hakuachiwa moto wowote, aliachiwa vitunguu. Wakarushiana maneno mbele ya wakwe. Mkubwa akaapa kwa jina la Mungu kwamba hatafunga safari kwenda kwa mdogo wake mpaka mdogo aje kwanza kuomba radhi. Mdogo naye akaapa vile vile, neno kwa neno, hata kiapo hakutunga cha kwake. Ni wanawake wa swala tano wale, na kwao kiapo si mchezo. Hata simu zilipokuja hawakupigiana. Walikuwa wanabipiana. Simu inalia mara moja, inakata, na mwenye simu anasema, "Huyo kabonyeza kwa bahati mbaya," huku anatabasamu na kuiweka simu kifuani.

Kwa sababu walikuwa wanapendana, na hapo ndipo shida ilipokuwa. Kila mmoja alikuwa anamtamani mwenzake hata kuugua, na hakuna aliyekuwa tayari kufunga safari.

Mimi nilipata kazi ya ualimu Mpanda. Kila likizo ilipokwisha shangazi alinisindikiza kwenye treni, na safari ya kwanza tu akachukuliwa.

Nakumbuka vizuri. Tulikuwa daraja la tatu, na yeye ameketi mkabala nami, kapu langu la chakula mapajani, anawahoji mama mmoja na mumewe waliokuwa wanarudi Urambo. Honi ikalia. Nikamwambia, "Shangazi, shuka." Akasema, "Subiri, huyu mama hajamaliza habari ya mkwe wake." Honi ikalia tena. Nikasimama, nikamshika mkono, naye akawa mzito ghafla, kama gunia la mpunga. Treni ikajitikisa, mabehewa yakagongana, mara tukaona jengo la stesheni linarudi nyuma.

"Mtume!" akasema shangazi. "Nimechukuliwa!"

Nililia mimi, wallahi. Nilidhani nimempoteza mama wa watu. Behewa zima likaingia kwenye kesi yetu. Mmoja anasema tuvute mnyororo, mwingine anasema mnyororo haujawahi kufanya kazi, mzee mmoja anasema mkewe naye alichukuliwa hivyo hivyo na hakurudi, lakini tulipomdadisi, kumbe huyo mkewe alikuwa amekwenda kuolewa kwingine. Mkaguzi wa tiketi akaja. Shangazi akalipa nauli yake kwa makelele, akisema hajawahi kuona mtu anatekwa halafu analipishwa.

Halafu akatulia. Akafungua kapu langu, akagawa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa, behewa zima, na kuanzia Usoke hadi Urambo alikuwa anaimba.

Tulifika Kaliua jua halijazama. Treni ile ilikuwa haisimami, ilikuwa inafikiria kusimama, kidogo kidogo, vyuma vyote vinalalamika. Na pale chini, katikati ya wauza maji na wauza mahindi ya kuchoma, shangazi wa Kaliua alikuwa amesimama na sinia la karanga kichwani. Akamwona dada yake dirishani. Sinia likayumba.

"Umefuata nini huku?"

"Sijafuata kitu. Nimechukuliwa."

"Umechukuliwa na nani?"

"Na treni. Nilikuwa nasindikiza mtoto."

"Basi mimi nimekuja kuuza karanga tu."

"Nani amekuuliza?"

Wakatazamana. Treni inavuta pumzi. Mimi nimebanwa dirishani, nimeshika roho.

"Utalala wapi sasa?" akauliza mdogo.

"Hapa hapa stesheni."

"Uumwe na mbu ufe, watu waseme nimekuua mimi? Shuka huko! Leta hilo kapu!"

Akashuka. Na kapu langu la chakula likashuka naye. Mimi nilikwenda hadi Mpanda na njaa yangu.

Mara ya pili alipochukuliwa ndipo nilipofungua macho. Msindikizaji gani anakuja stesheni na dawa zake za presha, mswaki na gauni la kulalia? Vyote vilikuwa chini ya kapu, juu yake chupa ya asali ya nyuki wadogo ambayo mimi siili na yeye anajua siili. Nikamtazama. Akatazama dari, akasema hizi feni zao mbona hazizunguki.

Basi likawa jambo la kawaida. Kila nilipoondoka shangazi alichukuliwa. Mkaguzi wa tiketi alishamzoea, akifika kwetu anasema, "Shikamoo mama. Leo tena?" Naye anajibu, "Marahaba baba. Leo tena. Honi zenu hazisikiki." Alikaa kwa mdogo wake mpaka treni ya kurudi, na kurudi hakukuwa na ubaya wowote, kwani mtu aliyetekwa lazima arudi kwao. Kaliua yeye hakwenda, alifikishwa. Kiapo kizima, hakina hata mkwaruzo.

Na treni ile ilifaa kwa kazi hiyo. Watu wanaisema vibaya, imechakaa, rangi yake imepakwa juu ya rangi nyingine mpaka milango haifungi. Kiti ukikikalia kinakukalia nawe. Choo chake nisikiseme. Lakini ilikuwa na subira ya kiungwana. Ilipoanza kuondoka ilikupa nafasi ya kubadili nia, na kama hukubadili, basi haikukuuliza maswali. Niliipenda, na naisema wazi, naikumbuka mpaka leo.

Siku moja tu mambo yaliharibika. Kulikuwa na vijana wa mafunzo fulani wamepanda behewa letu, wenye afya, wenye adabu, wa kutaka kusaidia watu. Honi ilipolia mara ya pili, mmoja akauliza, "Mama, wewe si msindikizaji?" Shangazi akajifanya hasikii. "Jamani, mama anachukuliwa!" Wakamnyanyua. Mmoja huku, mmoja kule, wa tatu kashika ndala. Treni ilikuwa imeshaanza kutembea, nao wakamteremsha mlangoni taratibu, wakamsimamisha chini salama salimini, abiria wote wakapiga makofi.

Shangazi alibaki amesimama pale na kanga imemteleza begani, anawatukana. "Nani amewaomba? Nani? Wanaharamu nyie, mmenidhulumu!" Wale vijana wakampungia mikono. Mmoja akaniambia, "Pole dada, amepata mshtuko."

Nilicheka mpaka mbavu zikauma, mpaka tulipofika Kaliua. Shangazi mdogo alikuwa pale na sinia lake. Akaangalia dirisha langu, akaangalia la pili, akaangalia mlangoni.

"Yuko wapi?"

"Ameshushwa, shangazi."

"Ameshushwa?"

"Kuna vijana waliona anachukuliwa, wakamsaidia kushuka."

Nikampitishia kapu dirishani, akalipokea, akalifungua, akaona ile chupa ya asali, akalifunga. Kuna abiria aliyemwita, "Mama, karanga!" hakugeuka. Aliondoka na sinia limejaa kama lilivyokuja, na mimi kicheko kikaniisha mwilini. Nilimhurumia sana shangazi yangu yule siku hiyo.

Halafu mambo yakaanza kubadilika, na hakuna aliyetuuliza sisi wenye shida zetu. Lami ikaja. Mabasi yakaja, yana viti vya kulala na video. Treni ya Mpanda ikawa leo ipo, kesho haipo, mvua ikinyesha sana mnaambiwa subirini. Mimi mwenyewe nikahamishiwa Tabora, nikawa sina pa kusindikizwa. Na nje ya mji wakaanza kujenga reli mpya ya mwendokasi, tuta refu la udongo mwekundu na nguzo za zege, watu wanakwenda kuitazama siku za mapumziko wamevaa nguo za sikukuu.

Nilimpeleka shangazi kwa bajaji. Alimkuta mlinzi kijana, akamkamata.

"Baba, hii ikianza, msindikizaji anaingia mpaka wapi?"

"Mwisho getini, mama. Ndani ni mwenye tiketi peke yake."

"Na akipenya?"

"Hawezi kupenya."

"Tuseme amepenya. Ameingia ndani, anaongea, akasahaulika."

"Hasahauliki mtu, mama. Kila kiti kina jina. Na milango inajifunga yenyewe."

Macho ya shangazi yakang'aa. "Inajifunga yenyewe! Sasa ikijifunga na mimi nimo?"

"Mama," akasema yule kijana kwa upole, "utakuwaje ndani bila tiketi?"

Tukapanda bajaji kurudi. Tulipokaribia Isevya akasema, "Hiyo treni yao haina utu." Dereva wa bajaji akadhani amesemwa yeye, akapunguza mwendo.

Mwaka huu, mvua zikiwa zimekolea na treni haipo, tukapigiwa simu na jirani wa Kaliua. Shangazi mdogo ameteleza, amevunjika mguu. Ameteleza wapi? Stesheni. Alikuwa amefuata nini stesheni, na treni haipo? Jirani akasema huwa anakwenda tu, siku zile zile za treni, na sinia lake, anakaa, jioni anarudi. Karanga zimemwagika zote, kuku wa stesheni wamefanya karamu.

Shangazi wa Isevya alisikiliza habari hiyo amesimama. Kisha akaketi chini, sakafuni, akalia kwa sauti. "Mdogo wangu! Mdogo wangu mimi!" Nikamwambia, "Basi twende, shangazi." Akaniangalia. "Niende vipi? Treni iko wapi ya kunichukua?"

Nikasema liwalo na liwe, nitamteka mimi mwenyewe. Nikaenda stendi, nikamwona konda mmoja, nikamweleza: kesho nitakuja na mama mwenye kapu, atapanda kunisindikiza, wewe funga mlango uondoke, nauli yake ninayo. Konda akacheka, akakubali. Nyumbani nikamwambia shangazi, "Kesho nakwenda Kaliua kumuona mgonjwa. Utanisindikiza?" Akajibu haraka, "Nani mwingine atakusindikiza?" Asubuhi kapu lilikuwa zito hata kulinyanyua ni kazi.

Kufika stendi, konda ni mwingine! Yule wa jana amekwenda na basi la Nzega. Huyu mpya alikuwa kijana mwadilifu, shati limenyooka, mtu wa utaratibu. Tumeketi, shangazi kalipakata kapu, anamhoji jirani, kila kitu kinakwenda vizuri, mara huyo anapita katikati: "Wasindikizaji chini! Wasindikizaji chini!" Akasimama mbele yetu.

"Mama, unasafiri au unasindikiza?"

Jamani. Maisha yake yote hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo akasubiri jibu. Mimi nikarukia, "Yuko na mimi! Nauli hii hapa!" Konda akasema, "Namuuliza yeye, dada." Shangazi akafungua mdomo. Nikamwona midomo inatafuta neno. Angesema anasafiri, kiapo kimevunjika mbele ya basi zima. Akanitazama, macho yamejaa maji.

"Nasindikiza," akasema.

"Basi shuka mama, tunaondoka."

Akashuka na kapu lake. Mimi nikabaki nimeganda na pesa mkononi, na nilipopata akili ya kupiga kelele basi lilikuwa limeshatoka getini. Nilimwona kwa kioo cha nyuma amesimama peke yake katikati ya stendi, mwendesha bodaboda mmoja anamuuliza anakwenda wapi. Nililaani lami, nililaani video, nililaani na shati la yule konda.

Kaliua nilimkuta shangazi mdogo kitandani, mguu umefungwa plasta, umewekwa juu ya mto. "Shikamoo shangazi." "Marahaba." Akachungulia nyuma yangu, mlangoni.

"Ameshushwa," nikasema.

Akageuza uso ukutani. Nilikaa pale pembeni ya kitanda. Nilimmenyea chungwa, hakulila.

Alasiri ikaingia. Nilikuwa uani natafuta mkaa niliposikia hodi. Sauti naijua. Nikakimbia. Shangazi wa Isevya alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba, matope yamempaka miguu, kapu kichwani, ndala moja imekatika kamba, kaifunga kwa uzi.

Mdogo wake akajiinua kwa viwiko. Kisha akauliza kama alivyokuwa akiuliza siku zote, ila sauti ilikuwa ndogo.

"Umefuata nini huku?"

"Nimekufuata wewe."

"Nani amekuchukua? Treni haipo."

"Sijachukuliwa," akasema shangazi. "Nimekuja. Nimekwenda dirisha la tiketi pale stendi, wameniuliza mama unakwenda wapi, nikasema Kaliua, kwa mdogo wangu. Nimekata tiketi." Akaitoa kifuani, imeloa jasho. "Hii hapa. Soma."

Mdogo wake akaipokea, akaisoma mbele na nyuma, akaitia chini ya mto. Mkubwa akasema, "Nipe, na mimi nikiulizwa njiani nitaonyesha nini?" Mdogo akasema, "Huendi popote." Halafu wakalia wote wawili, kwa fujo, jirani akaja mbio akidhani kuna msiba.

Walipotulia, mdogo akasema, "Zile karanga sikuwahi kuuza hata moja. Nilikuwa nazila mwenyewe."

"Najua," akasema mkubwa. "Ulinenepa."

Kuhusu kiapo, shangazi alikuwa ameshamuuliza shehe kwa simu, palepale stendi kabla ya kwenda dirishani. Akaambiwa kiapo kina kafara yake, alishe maskini, amalize. Miaka yote hiyo! Sufuria moja tu la chakula lingetosha, na hao wawili wameichosha reli nzima. Nilitaka kusema neno, nikaona nitapigwa mwiko.

Kesho yake wakapika pilau la kafara. Jiko lililetwa karibu na dirisha la chumba ili mgonjwa aone na atoe amri, na akatoa. Mimi ilinibidi kurudi kazini, nikaaga. Shangazi mkubwa akajifunga kanga vizuri, akavaa ndala zake, tukatoka wote hadi njiani, ameshaanza kukumbuka mambo ya ukoo. Hatujapiga hatua kumi tukasikia sauti dirishani:

"Weweee! Pilau! Linaungua! Safari hii nimekuona mimi mwenyewe kwa macho yangu!"

"Ni wewe uliyesema niongeze moto!"

"Mimi nilisema vitunguu!"

Akageuka, akakimbia, ndala zinapiga visigino, hata kwaheri hakuniambia. Nilisikia wanacheka, wote wawili, mpaka nilipokunja kona.

Nikaenda stendi peke yangu. Nikapanda basi, nikakaa, konda akapita akipiga kelele, "Wasindikizaji chini!" Nikageuka kutazama kiti cha pembeni, kwa mazoea. Hapakuwa na mtu. Nikafuta machozi, nikampa tiketi yangu.